Shajara ya mradi: mechi ya ndondo ifike simuni bila kukwama

13 Januari

Tumekubaliana kazi ianze. Kituo chetu kidogo kinarusha mubashara mechi za ndondo, soka la mitaani, kutoka viwanja vya Dar es Salaam, na mpaka leo picha yote inapita kwenye seva moja ya kukodi iliyoko Frankfurt. Bei yake tunaimudu na haijawahi kuzimika. Tatizo ni njia. Kamera iko Temeke, picha inakwenda Ujerumani kupitia mkongo wa baharini, kisha inarudi kupitia mkongo huohuo hadi kwenye simu ya mtu aliyekaa kijiweni Mbagala. Tena inarudi upya kwa kila mtazamaji.

Watu 2,000 wakitazama kwa kilobiti 800 kwa sekunde, hiyo ni gigabiti 1.6 kila sekunde, na zote zinabeba picha ileile. Wengi wa watu hao wako Dar, wachache Nairobi na Mombasa, na kuna kundi la kudumu Muscat, London na Marekani ambao wamekulia mitaa hii na wanaijua timu kuliko sisi tunaoirusha. Jioni za Jumapili kila mtu yuko mtandaoni na video inaanza kuzunguka. Nataka hilo liishe.

Dawa yake inajulikana: CDN, yaani mtandao wa kusambaza maudhui. Seva mama moja inashika picha ya asili, na seva za karibu zinatawanywa mahali watu walipo, kila moja ikitunza nakala ya kile ilichokwisha kuombwa. Makampuni makubwa yana maelfu ya seva za namna hiyo. Sisi tutaanza na tatu: Dar, Nairobi na Frankfurt. Seva mama nayo inahamia Dar, kwenye kabati tulilokodi ndani ya kituo cha data.

16 Januari

Leo kutwa ni kukata video. Wengi hudhani video mubashara inatiririka kama maji ya bomba. Haitiririki. Inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande ni faili, na pleya ya kwenye simu inaviomba kimoja baada ya kingine kwa HTTP, itifaki ileile inayoleta kurasa za tovuti. Mtindo tunaoutumia, HLS, ulitolewa na Apple mwaka 2009 na ukaandikwa rasmi mwaka 2017 kwenye hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 8216. Upo pia DASH wa MPEG, kundi linaloweka viwango vya video, uliochapishwa 2012, wenye wazo hilohilo. Kabla ya hapo RTMP, itifaki ya zamani ya kurusha video, ilidai kila mtazamaji awe na muunganisho wake wa kudumu na seva, na muunganisho huo huwezi kuuweka kwenye kache, yaani ghala la nakala. Faili unaweza. CDN ya video kama tunavyoijua leo imesimama juu ya jambo hilo dogo.

Pleya inajua kipande kipi kinafuata kwa kusoma orodha. Orodha yetu ya leo, kwa ngazi ya pili ya ubora wa picha, ilikuwa hivi:

#EXTM3U
#EXT-X-VERSION:3
#EXT-X-TARGETDURATION:4
#EXT-X-MEDIA-SEQUENCE:871
#EXTINF:4.000,
n2/871.ts
#EXTINF:4.000,
n2/872.ts
#EXTINF:4.000,
n2/873.ts

Baada ya sekunde nne 871 inatoka juu na 874 inaingia chini. Pleya inarudi kuisoma orodha tena na tena, ikiona jina jipya inalifuata.

Ngazi tumeweka nne, sauti ikiwa ndani: kilobiti 200, 450, 800 na 2,500. Hesabu ya bando kwa dakika 90 ni megabaiti 135 kwa ngazi ya chini, kama 304 kwa ya pili, 540 kwa ya tatu na gigabaiti 1.7 kwa ya juu. Mwenzangu anayeshughulika na kubana video alitaka tuongeze ya tano, ya picha kali zaidi. Nimemkatalia kwa sasa. Muda wetu mwingi uende kwenye ngazi ya kilobiti 200, kwa sababu mtu anayetazama kwa bando la siku ndiye mwenye shida kubwa, na ndiye akikwama mara mbili haji tena.

Na hapo tumejifunza kitu uwanjani, si kwenye seva. Kwenye ngazi ya chini mpira hupotea. Sababu ni vumbi. Programu ya kubana hufanya kazi kwa kutafuta kilichobaki vilevile kati ya picha moja na inayofuata, lakini vumbi halibaki vilevile, kila chembe inakwenda kwake, kwa hiyo vumbi linakula biti ambazo zingeuchora mpira. Mashabiki wanaorukaruka nyuma ya goli ni hivyohivyo. Tumemwomba mpiga picha asogee, aikaze fremu kwenye eneo la mpira na atumie stendi badala ya kushika kamera mkononi. Ngazi ileile ya kilobiti 200 imebadilika kabisa. Namba za jezi zinasomeka.

Jambo la lazima: kila kipande kianze na picha kamili, isiyotegemea iliyotangulia, na mipaka ya vipande iwe sehemu ileile kwenye ngazi zote. La sivyo simu haiwezi kushuka kutoka ngazi ya tatu kwenda ya pili bila picha kuruka. Tunapiga picha 25 kwa sekunde na tumeweka picha kamili kila baada ya 50, kwa hiyo kila kipande cha sekunde nne kina mbili.

21 Januari

Seva ya karibu ya Dar imewaka. Ni nginx, programu ya kawaida ya seva za tovuti, yenye kache, haina ufundi wa ajabu. Ombi likija, inatazama kama kipande inacho. Kikiwepo inakitoa papo hapo na kuandika HIT kwenye logi, daftari lake la kumbukumbu. Kisipokuwepo inakwenda kwa seva mama, inakichukua, inabaki na nakala na kuandika MISS.

Vipande havibadiliki vikishazaliwa, kwa hiyo vinaruhusiwa kukaa kwenye kache kwa saa nyingi. Orodha ndiyo yenye hatari, maana inabadilika kila sekunde nne. Ikikaa sana kwenye kache, watazamaji wote wanasoma habari ya zamani na video inaganda ilhali vipande vipya vipo. Tumeipa sekunde moja.

Nilichokaa nacho mpaka usiku ni ile nusu sekunde kipande kipya kinapozaliwa. Kwenye filamu ya kawaida watu wako sehemu tofauti. Kwenye mechi wote wako mahali pamoja, kwa hiyo wote wanataka 874 karibu kwa mpigo, na wakati huo hakuna kache yoyote yenye 874. Nimejaribu kwa programu inayoigiza watazamaji. Bila ulinzi wowote, logi ya seva mama ilijaa mistari iliyofanana, n2/874.ts ukurasa mzima, yote kutoka seva moja ya karibu, kwa sababu kila ombi lililokuta kache tupu lilikimbia kivyake. Nikawasha mpangilio wa nginx uitwao proxy_cache_lock. Sasa ombi la kwanza linatumwa, mengine yanasubiri mlangoni, na kipande kikifika wote wanapewa. Kwenye seva mama ukabaki mstari mmoja tu kwa kila kipande cha kila ngazi. Mimi naona mstari huo mmoja ndio kipimo cha kweli cha CDN ya mubashara, zaidi ya wingi wa seva. Ukiwa na seva mia na kila moja inamkimbilia mama kwa kila mtazamaji, bado huna CDN.

Kwa marudio ya mechi za nyuma tuna mashine mbili Dar, na kila kipande kikae kwenye moja tu ili diski isijae nakala mbilimbili. Nimetumia uchanganyaji thabiti (consistent hashing): jina la kipande linakokotolewa kuwa namba, na namba ndiyo inayosema mashine ipi. Uzuri wake ni kwamba ukiongeza mashine ya tatu, kama theluthi moja tu ya vipande ndiyo inayohama, vingine vinabaki pale pale. Wazo hili lilichapishwa na watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1997, miongoni mwao Daniel Lewin na Tom Leighton, na mwaka uliofuata wawili hao wakaanzisha Akamai, kampuni ya CDN. Lewin aliuawa 11 Septemba 2001 ndani ya mojawapo ya ndege zilizotekwa, akiwa na miaka 31, siku ambayo dunia nzima ilikimbilia tovuti za habari na kampuni yake ilikuwa inazisaidia zisianguke. Kila ninapoandika neno consistent kwenye faili la mipangilio huwa namkumbuka.

27 Januari

Tumepima njia, na hapa ndipo ulipo uzito wa mradi mzima.

Simu mbili, mezani pamoja, Kariakoo, mitandao miwili tofauti. Zote zinaomba kipande kutoka seva yetu ya Dar, ambayo haifiki hata kilomita kumi kutoka pale. Ya kwanza inajibiwa ndani ya milisekunde 6 mbali na zile za hewani. Ya pili, milisekunde 190. Traceroute, programu ya kufuatilia njia, ikaonyesha kisa: kifurushi cha data kinatoka Kariakoo, kinavuka bahari, kinafika Ulaya, kinakabidhiwa mtandao mwingine huko, kisha kinarudi Dar. Mtandao ule wa pili na mtandao wa kituo cha data havijaunganishwa hapa nchini, kwa hiyo vinakutana vinapoweza kukutana.

Kasi ya mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mkongo ni kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ikifika kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla kifaa chochote hakijagusa kifurushi, na hakuna seva ya bei yoyote itakayokupunguzia hizo. Halafu TCP, itifaki inayosafirisha data chini ya HTTP, nayo haimwagi faili lote kwa pamoja. Kwenye muunganisho mpya inatuma vifurushi 10 hivi, kama kilobaiti 14, inasubiri jibu, inatuma mara mbili yake, inasubiri tena. Kipande chetu cha sekunde nne kwa kilobiti 800 ni kilobaiti 400. Ukihesabu salamu za mwanzo na za usimbaji, ni mizunguko kama saba. Kwa milisekunde 6 ni chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Kwa 190 ni sekunde moja na theluthi, na hiyo ni njia ikiwa safi, bila kifurushi hata kimoja kupotea.

Ndiyo maana vituo vya kubadilishana intaneti vina thamani kuliko watu wanavyofikiri. Dar ipo TIX, Arusha ipo AIXP, Nairobi ipo KIXP. Ni swichi tu, mahali mitandao inapokutana na kupeana trafiki uso kwa uso bila kumlipa mtu wa ng'ambo. KIXP ilianza mwishoni mwa mwaka 2000, ikafungwa na msimamizi wa mawasiliano muda mfupi baadaye, ikafunguliwa tena 2002. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa trafiki ya Kenya inayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70 mwaka 2020, na kilele cha KIXP kikatoka gigabiti 1 hadi 19 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni video, kwa sababu kampuni za nje zilileta kache zao karibu.

Nimempigia mkuu wa mitambo wa ule mtandao wa pili. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Nikamwambia: "Mzee, sisi tuko TIX na mlango wetu uko wazi. Kila mechi tunayowapelekea watu wako kupitia Ulaya, wewe ndiye unayelipia mkongo." Akakaa kimya kidogo, akasema: "Kijana wangu, niletee kwa maandishi, weka na hizo takwimu zako. Hilo nitalisimamia." Barua imeondoka leo jioni.

30 Januari

Mtazamaji ataijuaje seva iliyo karibu naye? Njia ya zamani ni DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva: jina ni moja, jibu linategemea anayeuliza yuko wapi. Kasoro ni kwamba anayeuliza si simu, ni seva ya DNS anayoitumia. Mtu wa Tanga anayetumia DNS ya umma anaweza kuonekana yuko nchi nyingine. DNS ya umma ya Google hupitisha sehemu ya anwani ya mtumiaji ili jibu liwe sahihi, lakini 1.1.1.1, DNS ya umma ya Cloudflare, haipitishi, kwa ajili ya faragha, na mimi naiheshimu sababu hiyo. Njia nyingine ni anycast, anwani moja ikitangazwa kutoka miji mingi na mtandao wenyewe ukachagua. Kwetu sisi wenye seva tatu ingekuwa gharama kubwa.

Tumechagua ya tatu. Pleya ikiomba orodha ya kwanza, seva mama inaiona anwani halisi ya simu, inatazama ni ya mtandao upi, na ndani ya orodha inaandika jina la seva inayofaa, pamoja na ya akiba. Netflix nao huipa pleya orodha ya seva zilizopangwa kwa ubora wa njia. Ila wao wana nafasi ambayo sisi hatuna: seva zao zilizo ndani ya mitandao ya watoa huduma hujazwa filamu saa ambazo watu ni wachache, kabla hazijaombwa. Goli la Jumapili haliwezi kupelekwa Nairobi Jumamosi.

Jambo limenishangaza kwa Muscat. Kwenye ramani, Afrika Mashariki na Oman ni majirani wa bahari moja, na mkongo wa TEAMS umelala tangu 2009 kutoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, jirani kabisa na Oman. Nikadhani Nairobi itawafaa. Mtazamaji wetu mmoja wa huko akatupimia: kwenye mtandao wake, kifurushi cha kwenda Nairobi kinazungukia Ulaya, na Frankfurt inamjibu haraka zaidi. Nimempangia seva ya Frankfurt. Jedwali letu sasa linapangwa kwa mitandao, na ramani haitumiki.

4 Februari

Leo tumejaribu siku mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika pamoja, na watu wa huku wanakumbuka intaneti ilivyokuwa. Tumefunga kwa makusudi kila njia ya kwenda nje kwenye seva zetu za Dar, kisha tukafungua mechi kwenye simu.

Waliokuwa tayari wanatazama waliendelea kama vile hakuna kilichotokea. Aliyeingia upya hakupata kitu. Video ilikuwepo, seva ilikuwepo, lakini jina letu lilikuwa linajibiwa na seva za DNS za nje tu. Tumeweka seva ya DNS ya pili Dar, tukarudia, ikapita. Ukitaka kujua kama huduma yako kweli iko nchini, funga mlango wa nje uone kinachobaki kimesimama.

9 Februari, Jumapili

Nusu fainali. Mtandao wa pili ulikuwa umeunganishwa tangu Ijumaa. Milisekunde 190 zimekuwa 7. Mzee alitimiza neno lake.

Mechi imekwenda mwanzo hadi mwisho. Kwenye seva mama, kila kipande kimeombwa mara tatu kwa kila ngazi, mara moja kwa kila seva ya karibu, na hali imebaki hivyo hata kipindi cha pili watu walipofurika. Trafiki iliyotoka seva mama ikavuka mkongo ilikuwa ni ya ngazi nne kwenda Frankfurt, jumla haifiki megabiti 4 kwa sekunde. Dakika ya penalti niliacha kutazama mpira nikawa natazama mstari wa HIT unavyopanda, na moyo ulikuwa unanidunda kwa vyote viwili.

Ujumbe kutoka Muscat: "Kaka, picha safi, haijaganda hata mara moja. Ila goli shemeji wa Temeke kanipigia kunipa habari kabla halijafika huku."

Ni kweli. Pleya ya HLS haianzi kwenye kipande kipya kabisa, inakaa nyuma kama vipande vitatu ili iwe na akiba. Hizo ni sekunde 12. Ongeza nne za kipande kukamilika, na mbili tatu za kubana na kusafiri, unafika 18. Tulipojaribu vipande vya sekunde mbili, ucheleweshaji ulipungua karibu nusu, lakini maombi yakawa mara mbili na simu zenye mtandao dhaifu zikaanza kukwama. Kwangu mimi aliye Mbagala kwa kilobiti 200 anatangulia. Tunabaki na nne mpaka tuwe na HLS ya ucheleweshaji mdogo, ile inayotoa kipande kwa visehemu kabla hakijakamilika.

12 Februari

Yaliyobaki kabla ya fainali: kuongeza mashine ya pili Nairobi, kuzifanya logi za seva zote tatu zikutane sehemu moja, kupima kutoka Unguja na Mwanza, ambako tunajua watu wapo ila hatujaona njia zao. Mitandao miwili midogo ya Dar bado inatufikia kwa kuzungukia nje, na barua zao nimeziandika kwa takwimu zilezile. Mpiga picha ameomba stendi ndefu zaidi. Nimeiweka kwenye bajeti kabla ya mashine ya Nairobi.